Kila Rangi Ina Mwenyewe

Simu ilipita mikononi mwa wanawake tisa kabla haijakwama.

Tulikuwa Mbagala, nyuma ya nyumba ya mama mdogo, Jumapili saa kumi jioni, kikoba chao kimekaa kwenye mikeka chini ya mwembe. Mama mdogo ndiye mweka hazina. Alikubali, kwa kunihurumia zaidi kuliko kwa kuniamini, kuwaonyesha wenzake programu ambayo mimi na wenzangu sita tumeihangaikia kwa karibu miaka miwili. Hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii, mgao wa mwisho wa mwaka: vyote vimo, bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchungulia. Mmoja akasema maandishi ni madogo. Mwingine akauliza kama inakula bando. Maswali hayo nilikuwa nimeyazoea, majibu ninayo.

Mwanamke wa kumi hakuifungua. Aliitazama tu aikoni yake, duara la kijani lenye jani la njano katikati, akaigeuza simu kidogo kukwepa jua, akauliza:

"Hii ni ya chama?"

Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu anavyouliza basi hili linapita Temeke au halipiti. Nikacheka, nikasema hapana mama, hii ni ya wote, ni programu huria. Neno "huria" halikumsaidia mtu pale. Simu ikarudi kwa mama mdogo bila kuwafikia waliobaki, daftari likafunguliwa, mhuri wa hisa ukatolewa kwenye kitambaa chake, kikao kikaendelea kama miaka yote.

Nilipandia daladala Rangi Tatu kurudi mjini. Ndiyo, kituo kinaitwa hivyo, na siku ile sikuona cha kuchekesha.

## Jani

Nembo ile aliichora kijana mmoja wa Arusha, mdogo kuliko sisi wote kwenye mradi. Alikaa nayo siku tatu kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, na akaileta ikiwa na maelezo: kijani ni jani, fedha ya kikoba inakua kama mche, njano ni mavuno, siku ya kugawana. Tukasema safi. Tuliiangalia kila siku kwa zaidi ya mwaka, watu saba wenye macho na kadi za kupigia kura, na hakuna aliyesema neno.

Kijani na njano. Tanzania. Rangi za CCM.

Nimejiuliza sana imekuwaje. Nadhani ni kwa sababu sisi tuliiona mahali pake: kwenye pembe ya skrini, juu ya ukurasa mweupe, pembeni ya msimbo. Kule ilikuwa nembo. Yule mama aliiona mahali pengine kabisa. Aliiona mkononi mwa kijana wa mjini, mpwa wa mweka hazina, aliyekuja Jumapili akitaka majina kamili na namba za simu za wanachama wote. Ukiwa umeishi Dar chaguzi tatu nne, ukaona rangi hizo mbili na mtu anayeandikisha majina, utauliza. Mimi pia ningeuliza.

Na asingeuliza hivyo, basi jirani yake angeuliza kama hii ni ya Yanga.

## Banda la baiskeli

Usiku huohuo niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: jamani, tubadilishe rangi. Kufikia asubuhi kulikuwa na ujumbe zaidi ya themanini. Wakati huo tulikuwa na kosa la mahesabu: mwanachama akilipa sehemu ya mkopo katikati ya mwezi, riba ilihesabika mara mbili. Kosa hilo lilikuwa limekaa wiki tatu bila kupata hata jibu moja.

Wanaoandika programu huria wana jina la ugonjwa huu. Mwaka 1957, Mwingereza C. Northcote Parkinson alisimulia kamati inayopitisha mtambo wa nyuklia kwa dakika 2 na nusu, kisha inabishana dakika 45 juu ya banda la baiskeli za wafanyakazi. Mtambo haueleweki, kwa hiyo watu wananyamaza. Banda kila mtu analielewa, kwa hiyo kila mtu anasema. Mwezi Oktoba 1999, Mdenmark Poul-Henning Kamp aliichukua hadithi hiyo na kuwatupia wenzake wa mradi wa FreeBSD, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, waliokuwa wakivutana kuhusu amri ndogo ya kuifanya kompyuta isubiri, kama ikubali sehemu za sekunde au isikubali. Tangu hapo, ukianza kubishia rangi ya kitu kwenye mradi wowote, atatokea mtu atakwambia: hilo ni banda la baiskeli, turudi kazini.

Kwetu alitokea saa nne asubuhi. Nikaona haya, nikafunga simu.

Lakini ilinikera, na iliendelea kunikera kwa wiki kadhaa. Kwanza, ukimsoma Parkinson mwenyewe, watu wake hawakubishania rangi. Walibishania paa, bati la aina gani. Rangi imekuja baadaye. Pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi, katika miaka miwili ya kumshirikisha mama mdogo na wenzake, ile "hii ni ya chama?" ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kikoba kutuambia jambo ambalo sisi hatukulijua. Kuhusu riba walikuwa wananyamaza na kuitikia kwa kichwa. Nilidhani wanakubali. Kumbe nilikuwa nawaonyesha mtambo wa nyuklia.

Kama banda ndipo mahali pekee ambapo kila mtu anaweza kusema, huwezi kuwafukuza watu bandani halafu ulalamike kwamba watumiaji hawatoi maoni.

Hoja hiyo sikuiandika kwenye kundi. Niliandika tu: "Tuendelee na rangi, riba nairekebisha mimi." Niliirekebisha, usiku wa Alhamisi, kwa mistari minne.

## Zilizobaki

Tukaanza kuzipitia moja moja, na hapo ndipo nilipojua jinsi nchi ilivyojaa.

Nyekundu? Nyekundu na nyeupe ni Msimbazi, ni Simba, na nusu ya Mbagala haitaigusa. Hata ikiwa peke yake, nyekundu ni Vodacom, ni Airtel, na kwenye daftari la kikoba ni deni. Mama mdogo aliongeza lake: nyekundu ni ile alama ya X inayopakwa ukutani nyumba ikitakiwa kubomolewa kupisha barabara. Hilo likaifunga nyekundu.

Bluu tuliipenda. Bluu ilikuwa Tigo hadi Tigo ilipoacha kuwa Tigo, na imo pia kwenye bendera ya Chadema. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Chungwa ni Halotel. Na mwenzetu wa Mombasa, aliyekuwa kimya siku mbili, akaandika kwamba kwao chungwa lina historia ndefu kuliko simu. Kura ya maoni ya katiba ya mwaka 2005 ilipigwa kwa matunda: ndizi Ndiyo, chungwa Hapana. Chungwa likashinda, likazaa chama, na hadi leo huwezi kuvaa fulana ya chungwa Kisumu bila kueleweka vingine. Njano nayo kwao sasa ni UDA. Kwa hiyo ile nembo yetu, njano ilikuwa chama Tanzania na chama Kenya, vyama viwili tofauti, kwa gharama ya jani moja.

Njano ilikuwa na kesi nyingine hata bila siasa. Kuna kipimo cha utofauti wa mwanga kati ya rangi na kinachoizunguka: nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, maandishi ya kawaida yanatakiwa yasipungue 4.5 kwa 1, alama na michoro 3 kwa 1. Njano safi juu ya nyeupe ni 1.07 kwa 1. Yaani haipo. Nilipeleka nembo ya zamani steshenari, nikaitoa kopi nyeusi na nyeupe, shilingi mia. Lilirudi duara la kijivu lenye kovu katikati.

Halafu mwenzetu wa Ujerumani akasema jambo.

Huyu hajui Kiswahili. Alitokea siku moja tu, kama watu wanavyotokea kwenye programu huria, akarekebisha kosa la tarehe, akabaki. Aliandika kwamba yeye hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwamba kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni karibu mmoja kati ya 12, na kwamba kwenye orodha yetu ya wanachama, ambapo kijani ni aliyelipa na nyekundu ni anayedaiwa, yeye anaona watu wote wana rangi moja, kama ugoro. Alikuwa ametengeneza nusu ya ukurasa huo. Mwaka mzima. Hakutaka kusumbua.

Tuliweka alama ya vema na alama ya mkasi siku hiyohiyo. Banda la baiskeli, tena.

Mtu akapendekeza kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi za kanga ya bi harusi. Ndizo pia rangi tatu pekee ambazo Kiswahili kinazinyambulisha chenyewe: cheupe, cheusi, chekundu. Nyingine zote tumeziazima kwenye vitu: jani, manjano ya jikoni, jivu, kahawa, chungwa, zambarau. Nilivutiwa kupita kiasi. Watafiti Brent Berlin na Paul Kay walisema mwaka 1969 kwamba lugha huanza na nyeusi na nyeupe, na ya tatu huwa nyekundu, nami nikajiona tayari naandika makala. Mwenzetu wa Mombasa akanirudisha chini: "Kisutu ni cha harusi, kaka. Kikoba kinakopesha."

## "Kijani kilikuwepo kabla ya chama"

Hiyo ni sentensi ya kijana wa Arusha. Aliiandika wiki ya pili, ikiwa peke yake, bila alama ya mshangao.

Alikuwa na haki. Kila tulipokimbia rangi, tulikuwa tunaitia saini hati ya kumilikisha: hii chukueni nyie, hii chukueni nyie. Leo nembo, kesho kitenge, keshokutwa mtu anaogopa kupaka nyumba yake. Na mbona bendera ya taifa ina kijani na ina njano, na hakuna anayeiuliza ni ya nani? Kama programu ni huria kweli, alisema, basi tuwafundishe watu kwamba kijani ni chao.

Niliandika jibu nikalifuta, mara tatu. Hoja yake niliiona nzuri kuliko yangu. Ila mwanamke aliyeuliza swali lile ana shilingi zake kwenye sanduku, na ana majirani wa kila chama kwenye mkeka mmoja. Mimi ndiye niliyekwenda kwake. Kumfundisha mtu ujasiri kwa kutumia akiba yake si ujasiri wangu.

Mwishowe niliandika tu kwamba tunabadilisha. Hakubisha. Hakuandika tena kabisa.

## Sanduku

Nilirudi Mbagala baada ya wiki tano, kwa sababu nyingine, kupeleka dawa. Nikamkuta mama mdogo uani analifuta sanduku la kikoba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Sanduku la bati nzito, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Bila wote watatu halifunguki, hata nyumba ikiungua.

Lilikuwa la bluu. Sijawahi kuliangalia kwa makini. Kwenye pembe, pale linapogonga mlango kila linapotolewa, rangi ilikuwa imebanduka kama ukoko wa wali, na chini ya bluu kulikuwa na kijani.

"Mama mdogo, hili lilikuwa la kijani?"

"Lilikuwa. Tukalibadilisha mwaka 2015, kabla ya uchaguzi. Maneno yalikuwa mengi."

"Mkachagua bluu."

"Tukachagua bluu. Akaja mwingine akauliza, na bluu je, ni ya nani?" Akakamua kitambaa. "Tukachoka, mwanangu. Sasa tunaliacha libanduke lenyewe."

Nikachuchumaa. Kijani nacho kilikuwa kimeanza kuondoka, na chini yake, ikiwa imeshika bati bila kulegea, kulikuwa na rangi ya tatu, wekundu mzito unaoelekea weusi, kama udongo wa Moshi ukilowa.

"Na hii?"

"Hiyo damu ya mzee? Hiyo si rangi." Alicheka. "Hiyo ni ya fundi. Akimaliza kuchomelea anaipaka kwanza isishike kutu. Yetu inakuja juu."

Kila geti la Dar es Salaam limepita hapo. Kila dirisha la nondo, kila sanduku la kikoba, kila kitanda cha chuma cha bweni, kwa siku moja au mbili, kabla mwenyewe hajaamua ni la chama gani au timu gani, linakuwa la rangi hiyo. Linaegemezwa nje ya karakana likauke, na ukipita huwezi kujua ni la nani.

Nilipiga picha ile pembe. Mama mdogo aliniuliza kama naumwa.

## damu_ya_mzee

Kundi lilikubali kwa siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea, ingawa mmoja alisema ni Simba iliyofuliwa vibaya. Nilipima: damu ya mzee niliyoichagua juu ya nyeupe ni karibu 11 kwa 1. Kwenye kopi ya steshenari inatoka nyeusi, imesimama. Chini ya mwembe, kwenye simu ya bei ndogo yenye mwanga umepunguzwa kuokoa chaji, inaonekana.

Kwenye faili la rangi kila rangi lazima iwe na jina. Nikaandika `damu_ya_mzee`. Baada ya nusu saa mwenzetu wa Ujerumani akauliza. Alikuwa ametafsiri neno kwa neno na alitaka kujua, kwa adabu sana, ni mzee gani na amefanyiwa nini. Ilinichukua aya nne kumweleza, na nadhani aliniamini nusu. Mwenzetu wa Mombasa naye alitaka tuandike "marun" kama watu wastaarabu. Jina likabaki.

Nilikumbuka Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Ilipotoka Oktoba 2004 ilikuwa ya kahawia, na chuoni kwetu tuliicheka. Tulisema kompyuta imeanguka kwenye tope. Mark Shuttleworth na wenzake walikuwa wameipa kazi ambayo kompyuta hazijazoea, ya kufanana na watu na udongo, huku jina lenyewe likiwa ni utu wetu kwa lugha za kusini. Mwaka 2010 waliiacha kahawia wakaenda kwenye zambarau na chungwa. Nakiri nilifurahi wakati ule. Sasa hivi ningeitaka ile kahawia yao.

Na VLC, programu huria ya kuchezesha video, ambayo imo kwenye kila kompyuta ya kila kibanda cha kuunguza filamu nilichowahi kuingia: koni ya barabarani, ya chungwa, kwa sababu wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, ilikozaliwa, walikuwa wakikusanya koni. Hakuna maana ya kina. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza VLC ni ya chama gani.

Nilimwandikia kijana wa Arusha faragha. Nilimweleza sanduku, tabaka kwa tabaka, nikamtumia picha. Nikamwambia kijani chake kilikuwepo kweli, nimekiona, kiko katikati. Alama mbili za bluu zikatokea. Jibu halikuja. Nilijisemea labda ana mitihani.

Tulitoa toleo jipya mwanzoni mwa mwezi. Jumapili iliyofuata simu ilipita mkeka mzima, ikafika kwa yule mwanamke wa kumi. Aliitazama, akaigeuza kukwepa jua vilevile. Hakuuliza chochote. Akambonyezea mwenzake, wakaanza kusaka jina lake kwenye orodha, na likakosekana kwa sababu mama mdogo alikuwa ameliandika kwa herufi moja pungufu.

Juzi usiku nikapata taarifa kwenye GitHub, mtandao unaokaa msimbo wetu. Arusha. Mstari mmoja: "Kwenye mandhari meusi nembo haionekani, mlipima?"

Hatukupima. Nikapima: 1.9 kwa 1. Nusu ya wanachama wanaweka simu zao kwenye weusi ili chaji ikae, na kwa wiki mbili wamekuwa wakibonyeza shimo.

Chini ya mstari ule alikuwa ameambatisha marekebisho. Damu ya mzee ileile, jani lake likiwa limebaki, sasa jeupe, na kuizunguka yote ameweka mstari mwembamba mweupe. Kwenye msimbo ameuita `pindo`, kama wa kanga.

Nilikwenda kupika chai ili nirudi niikubali kwa utulivu. Niliporudi kulikuwa na maoni 11 chini yake, manne kutoka Mombasa, yote kuhusu upana wa pindo.